Kuchoma kansa ya kongosho kwa joto: mwongozo kamili kwa familia ya Lubumbashi kabla hamujauzisha parseli

Naanza na ile kitu familia nyingi zinasikia mwisho, wakati pesa imeshaisha. Kuchoma kansa ya kongosho (pankreasi, kama munavyosikia kwa wanganga) kwa joto haiponeshi, na si kitu cha kukimbilia kwanza. Inamfaa mgonjwa wa aina moja tu: yule kansa yake imebaki pale pale kwenye kongosho, imeshikamana na mishipa mikubwa ya damu mpaka mpasuaji hawezi kuitoa, haijaruka kwenda kwenye ini wala mapafu, na yeye ameshapata shimio (dawa kali za kuua kansa) miezi kadhaa na ugonjwa umetulia. Kama mgonjwa wenu njo huyo, someni yote. Kama siye, someni pia, ju kuna vitu vya kumsaidia hapa hapa mjini ambavyo ni bei chini kuliko tiketi ya ndege na vinapunguza mateso kuliko mashini yoyote.

Mimi ni infirmie, watu wananiletea dosiye niwasomee raporti na niwaambie wakaulize nini kwa munganga. Sifanyi kazi ya munganga na hii maandiko haichukui nafasi yake. Ila najua namna mambo inavyoenda: familia inakutana jioni, mutu mumoja anatoa simu, anaonyesha video ya hospitali ya ng'ambo, baba mukubwa anasema "tuuzishe ile parseli ya Katuba, mutoto apone", na kesho yake wanatafuta mnunuzi wakati mgonjwa hana hata biopsi. Basi tuende kwa utaratibu.

1. Hakikisheni kwanza ni kansa, na ni kansa gani

Kongosho imelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo. Kichwa chake kimezungukwa na sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, duodeno, na mrija wa nyongo unaotoka kwenye ini unapita ndani ya kichwa hicho. Kwa hiyo uvimbe ukiwa kichwani macho yanakuwa njano mapema, mkojo unakuwa mweusi, choo kinakuwa cheupe, mtu anajikuna usiku kucha. Ukiwa katikati ao kwenye mkia unanyamaza mpaka maumivu yanaanza kutoka tumboni kwenda mgongoni, na mgonjwa anainama mbele ju akilala chali inazidi. Kukonda bila sababu na sukari inayotokea ghafla kwa mtu mzima ambaye hakuwa nayo, hizo pia ni alama. Hapa kwetu hizo dalili zote zinatibiwa kwanza kama jonisi kwa mizizi, kisha gastriti, kisha tifoidi, na miezi inapita.

Karibu 9 kati ya 10 ya kansa za kongosho ni ile inaitwa adenokarsinoma, njo mbaya. Lakini si kila uvimbe pale ni hiyo. TB ya tezi za tumboni inaweza kufanana nayo kabisa kwenye skaneri, na TB inapona kwa vidonge. Kongosho iliyovimba miaka mingi kwa wale waliokunywa sana lutuku (pombe kali ya kienyeji) inaweza kufanana nayo pia. Halafu kuna uvimbe wa homoni, wa neuroendokrini, unaoenda polepole, na kwa ule mdogo, mfano insulinoma, joto linafanya kazi vizuri kuliko kwa adenokarsinoma. Mukisikia "mama fulani alichomwa kongosho India na leo anatembea sokoni", ulizeni kwanza alikuwa na ugonjwa gani.

Kwa hiyo bila karatasi ya anapati, yaani majibu ya biopsi, musilipe kitu chochote cha ng'ambo. Biopsi nzuri ya kongosho inachukuliwa kwa endoskopi yenye ekografi kwenye ncha: mrija unapita mdomoni, unafika tumboni, na sindano inatoboa ukuta wa tumbo kufika kwenye uvimbe. Inawezekana pia kupitia ngozi kwa kuongozwa na skaneri. Kuna na kipimo cha damu, CA 19-9, kawaida yake ni chini ya 37. Kinasaidia kufuatilia lakini chenyewe peke yake hakithibitishi kitu. Mtu mwenye macho ya njano kinapanda hata bila kansa, na kuna watu ambao mwili wao hauitengenezi kabisa, wako na kansa na kipimo ni sifuri. Nimeshaona familia zinalia ju ya namba ya CA 19-9 ambayo ilikuwa ni nyongo tu imeziba.

2. Skaneri moja nzuri ni bora kuliko tatu mbaya

Hapa njo musifanye uchoyo. Ekografi ya kawaida inaweza kuonyesha mrija wa nyongo umevimba, lakini kongosho yenyewe mara nyingi inafichwa na hewa ya matumbo. Munahitaji skaneri yenye dawa ya mshipani, na mutamuke wazi kwa radiologi kwamba ni ya kongosho: vipande vyembamba, na picha zichukuliwe mara mbili baada ya dawa kuingia, mara ya kwanza sekunde 40 na kitu wakati kongosho inang'aa, mara ya pili karibu sekunde 70 wakati ini na mishipa ya kurudisha damu imejaa. Kama ilichukuliwa mara moja tu, munganga wa ng'ambo ataikataa na mutalipa tena.

Kabla ya kwenda pimeni kreatinini, ju ile dawa inapita kwenye figo. Na kama inawezekana skaneri ifanywe KABLA ya kuweka stenti ya nyongo (kamrija ka kufungua njia ya nyongo), ju stenti inaleta uvimbe na vivuli kwenye picha na kusoma kunakuwa kugumu. Kama mgonjwa iko na homa na macho ya njano, hapo hakuna kungoja skaneri, nyongo inafunguliwa kwanza.

Ombeni CD yenye picha zote za asili. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haisomeki, mishipa haionekani. Fungueni CD kwenye kompyuta siku ile ile kabla hamujatoka pale, ju kuna CD zinatoka tupu.

3. Namna ya kusoma raporti

Raporti zetu ni za Kifaransa na zina ukurasa mzima wa ini, wengu, figo. Rukeni. Tafuteni pale wanaongelea mishipa. AMS ni mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye matumbo, TC ni ule unaolisha ini na tumbo, VP na VMS ni mishipa ya kurudisha damu kwenye ini. Pembeni yake kutakuwa na neno la kugusana na digrii. Uvimbe ukigusa AMS ao TC chini ya digrii 180, maana yake haujafika nusu ya mzunguko, wanasema iko kwenye mpaka, na kuna wapasuaji wanaoweza kuijaribu baada ya shimio. Ukizidi 180, umeukumbatia mshipa, hapo wanasema imeenea mahali pale na haipasuliwi. Halafu shukeni chini mutafute kama kuna madoa kwenye ini, mapafuni, ao maji tumboni. Hayo yakiwepo mazungumzo ya kuchoma kongosho yanaisha. Utachoma pale, na ugonjwa uko kwingine.

Wagonjwa wanaopatikana wakati bado wanaweza kupasuliwa ni kama 15 mpaka 20 kati ya 100. Karibu theluthi moja wako kwenye kundi la kukumbatia mishipa, njo hao mwongozo huu unawahusu. Waliobaki imeshasambaa.

Neno "haipasuliwi" lisitoke kwa mtu mmoja. Raporti ikisema hivyo, pelekeni CD kwa mpasuaji anayefanya kongosho mara nyingi, hata kwa mtandao.

4. Kabla ya mashini yoyote: nyongo, maumivu, chakula

Hii sehemu watu wanairuka, na njo inayoamua kama mgonjwa atafika kwenye shimio ao hatafika.

Macho ya njano yanatibiwa kwa kuweka stenti, kamrija kadogo ndani ya mrija wa nyongo, kwa endoskopi, ao kwa sindano kupitia ini, ao kwa kupasua na kuunganisha nyongo na utumbo pale ambapo endoskopi haiko. Ulizeni ni ya plastiki ao ya chuma. Ya plastiki inaziba baada ya karibu miezi 3 na lazima ibadilishwe, ya chuma inakaa zaidi. Andikeni tarehe. Na hapa nasema kwa sauti: mgonjwa mwenye stenti akipata homa ya kutetemeka, musimupeleke kupimwa malaria na Widali (kipimo cha tifoidi) na kumpa kinini siku 5 mukingojea. Malaria pimeni, sawa, lakini fikirini stenti imeziba na nyongo imeingia microbe, hiyo inaua kwa siku chache, anahitaji antibiotiki ya mshipani na stenti ifunguliwe haraka.

Maumivu: parasetamoli haitoshi, tramadoli inaweza kusaidia mwanzoni, lakini dawa yenyewe ni morfini ya kumeza, kwa saa, si kungoja mpaka alie. Familia zinaogopa morfini, zinasema "hiyo ni ya kumumaliza mutu". Hapana. Kipimo kinapanda polepole, na anapewa pamoja na dawa ya kulegeza choo ju inafunga. Kuna na sindano ya pombe kali kwenye mafundo ya neva nyuma ya kongosho, inaua neva zinazobeba maumivu. Kwa mtu ambaye shida yake kubwa ni maumivu ya mgongo, hiyo sindano inaweza kumfaa kuliko kuchoma uvimbe, na wauza matibabu hawaitaji.

Chakula: kongosho iliyoziba haitoi maji ya kusaga mafuta. Mgonjwa anakula bukari na sombe ya mawese, anaharisha choo cha mafuta kinachoelea na kunuka, anakonda, na familia inasema kansa inamla. Nusu ya hiyo ni njaa. Kuna vidonge vya enzimu, jina linalojulikana ni Creon. Wataalamu wengi wanaanza na unit 40,000 ao 50,000 za lipase (enzimu ya kusaga mafuta) kwa mlo mkubwa, na vinamezwa katikati ya kula, pamoja na tonge, si nusu saa mbele. Mupimie na sukari. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, mkimbizeni, ju kansa hii inagandisha damu kuliko karibu kansa zote.

5. Shimio inatangulia

Kwa aliyekumbatiwa mishipa, mwanzo ni shimio, kwa kawaida miezi 4 mpaka 6, kisha skaneri tena. Kwa mwenye nguvu wanatumia FOLFIRINOX, mchanganyiko wa dawa 4 uliotangazwa 2011: kwa wale ambao kansa ilishasambaa, nusu ya waliopewa walipita miezi 11, wakati waliopewa gemcitabine peke yake ilikuwa karibu miezi 7. Ni kali, inashusha damu, inachoma vidole. Kwa asiyeweza wanatumia gemcitabine, peke yake ao na nab-paclitaxel.

Kwa nini shimio kwanza? Ju kansa hii hata kama skaneri inaonyesha iko mahali pamoja, mbegu ndogo zimeshatembea kwenye damu, na joto haliwezi kuzifikia. Ju tena miezi ile inachuja: anayesambaa ndani ya miezi 4 kuchomwa kusingemfaa kitu, ni heri mumejua kabla ya kulipa. Na kuna wengine uvimbe unapungua mpaka mpasuaji anarudi kusema naweza kuutoa, na kutoa ni bora kuliko kuchoma. Hospitali inayowaambia "njooni mara moja, tunachoma kesho kutwa, shimio si lazima", iwekeni pembeni.

Kutoka Lubumbashi, Lusaka inafikika kwa gari kupitia Kasumbalesa, na iko na hospitali ya taifa ya kansa yenye shimio. Kwa familia nyingi hiyo ni hatua ya akili kuliko kuruka moja kwa moja mpaka Delhi ao Johannesburg.

6. Joto lenyewe linafanyaje

Chembe za mwili zikifika digrii 60 zinakufa papo hapo, kwa 50 zinakufa baada ya dakika chache. Kazi yote ni kuleta joto ndani ya uvimbe bila kuchoma kilicho pembeni, na kwenye kongosho pembeni kuna duodeno, mrija wa nyongo na mishipa ambayo ikitoboka mtu anakufa mezani. Tena mishipa ile ile inaharibu kazi: damu inapita inabeba joto, kwa hiyo sehemu ya uvimbe iliyogusana na mshipa inabaki haijaiva, sawa na kupiga pasi ya makala huku mtu anamwagia maji upande mmoja. Na hapo pembeni ya mshipa njo kansa ilipo. Hakuna anayeweza kuwaahidi ameichoma yote.

Radiofrekwensi, RFA kwa kifupi, inapitisha umeme wa kwendakurudi kwenye sindano, chembe zinasuguana na kupata moto. Zamani ilifanywa kwa kufungua tumbo. Timu ya Verona, Italia, ilichapisha 2010 habari za wagonjwa 50 waliofanyiwa hivyo, na walipopunguza joto la mashini kutoka digrii 105 mpaka 90 matatizo yalipungua. Siku hizi mara nyingi inafanywa kupitia mdomoni, kwa ile endoskopi yenye ekografi, sindano nyembamba ya kama milimita 1, sehemu inayochoma ni milimita 5 mpaka 20, na maji baridi yanazunguka ndani yake ili isikaangie nyama.

Mikrowevu inafanana kimatumizi, sindano na joto, ila inapasha haraka na damu ya mshipa haiisumbui sana. Uharaka wake njo hatari yake.

HIFU ni mawimbi ya sauti ya ekografi yenye nguvu, yanakusanywa kutoka nje ya mwili mpaka nukta moja, hakuna sindano wala kidonda. Wachina wa Chongqing wameiendeleza sana, na Bonn, Ujerumani, wameitumia kwa kongosho. Inachopata sifa ya kweli ni kupunguza maumivu. Lakini hewa ndani ya tumbo inazuia mawimbi, kwa hiyo kuna kufunga kula na kusafisha matumbo, na si kila mwili unaipitisha.

Mutasikia na NanoKnife. Hiyo ni umeme wa volti mpaka 3000 kwa mapigo mafupi sana, unaotoboa ngozi za chembe. Kazi yake haitegemei joto, ingawa wauzaji wanaiweka kapu moja. Inahitaji kulazwa usingizi kamili, na mwenye moyo unaodunda ovyo hafanyiwi. Na kuna vyumba vya kupasha mwili mzima, ao mikanda ya joto ya kujifunga tumboni, hizo acheni kabisa, nyuzi 40 za nje hazichomi kansa ya kongosho.

Sasa ukweli wa matokeo. Tafiti nyingi za kuchoma kongosho ni za wagonjwa wachache, hospitali moja moja, waliochaguliwa wenye nguvu. Zinaonyesha inawezekana, na kwamba wengine maumivu yanapungua. Miongozo mikubwa ya kansa haijaiweka kama matibabu ya kawaida. Waholanzi walianzisha utafiti wa kulinganisha shimio peke yake na shimio pamoja na RFA, unaitwa PELICAN. Munganga anayefanya kazi hii kweli kweli analijua hilo jina, kwa hiyo mutajieni muone anajibu nini. Akianza kuhubiri kwamba joto "linaamsha kinga ya mwili na kansa inaisha yenyewe", hayo ni mambo yanayochunguzwa bado, si kitu cha kuuzia parseli.

7. Nani asichomwe

Aliyesambaa. Mwenye maji tumboni. Anayekaa kitandani zaidi ya nusu ya mchana. Mwenye macho ya njano ambayo hayajafunguliwa. Uvimbe uliokula ukuta wa duodeno. Mwenye damu isiyoganda, kwa kawaida wanataka pleti (chembe za kugandisha damu) zizidi 50,000 na INR (kipimo cha damu kuganda) iwe chini ya 1.5. Mwenye kifaa cha umeme moyoni aseme mapema, na mwenye stenti ya chuma pia aseme, ju chuma kinabadilisha mpango. Wanaomeza aspirini ao dawa za kulegeza damu wasisimamishe wenyewe, waulize.

8. Dosiye na maswali

Muweke pamoja: raporti ya anapati na, ikiwezekana, vioo ao kipande cha nta chenye nyama ya biopsi, CD za skaneri zote kwa tarehe, karatasi za shimio zenye dozi na idadi, aina ya stenti na tarehe yake, orodha ya dawa, egzame za damu za karibuni. Kwa India ao Zambia tafsirini barua kuu kwa Kiingereza, si lazima kila karatasi. Viza ya matibabu ya India inaombwa na barua ya hospitali, na wanaomsindikiza wana viza yao.

Kitu kinachosahauliwa: kadi ya njano. India inaidai kwa kila anayetoka Kongo, na asiye nayo anaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai, mtu aliye kwenye shimio hachanjwi ovyo. Iulizieni kabla ya shimio ya kwanza, na kama haiwezekani, munganga aandike barua ya kueleza sababu. Kadi ya zamani bado ni nzuri, tangu 2016 haina mwisho.

Kisha maswali, kwa maandishi. Ni njia gani hasa, mdomoni, kwa ngozi ao kufungua tumbo? Munganga huyo amefanya kongosho ngapi, si ini, kongosho? Vikao vingapi? Lengo ni nini, maumivu ao kupunguza uvimbe ao nini? Akivuja damu usiku nani anaifunga, kuna mtu wa mishipa pale pale? Devi (karatasi ya bei) inajumlisha nini: kitanda, anestezi, sindano yenyewe ambayo ni ya kutumia mara moja, skaneri ya baadaye, siku za ziada kama kuna matatizo? Wakala anayewapangia safari mara nyingi analipwa komisio na hospitali, si dhambi, ila mujue anauza. Ombeni jibu la hospitali mbili. Wakipishana sana, ulizeni kwa nini, na hapo mutajifunza mengi.

Na mgonjwa mwenyewe ajue. Naona familia zinamficha mzee, zinamwambia ni vidonda vya tumbo, halafu wanamsafirisha kilometa maelfu akachomwe. Ni mwili wake. Kuna mzee ambaye ukimuuliza atachagua kubaki Kamalondo na wajukuu.

9. Siku yenyewe

Kwa RFA ya mdomoni: hajala tangu usiku, anapewa antibiotiki, mara nyingi na kidonge cha diklofenaki ao indometasini cha kuweka nyuma ili kongosho isivimbe. Kibandiko kikubwa kinawekwa pajani kurudisha umeme, ngozi inyolewe na iwe kavu la sivyo inaungua hapo. Analazwa ubavu wa kushoto, anasinzishwa. Munganga anaona uvimbe kwa ekografi, anaepuka mishipa, anaingiza sindano, anasukuma mpaka upande wa mbali, anawasha. Kwenye skrini mapovu meupe yanatokea kuzunguka ncha, hayo ni maji ya nyama yanayochemka. Nyama ikishakauka umeme unashindwa kupita, mashini inaonyesha ukinzani umepanda, anazima, anavuta sindano nyuma kidogo, anawasha tena. Kila mchomo ni wa muda mfupi. Anaacha pembeni nafasi ya makusudi karibu na mshipa na duodeno, na hiyo nafasi njo sababu kansa inabaki.

Jioni tumbo linauma, hiyo inatarajiwa. Wanapima lipase na damu, anaanza maji kisha chakula laini, na kama yote ni sawa anatoka baada ya siku 1 ao 2.

10. Baada ya hapo, na kurudi Lubumbashi

Musipande ndege kesho yake. Hatari zenyewe ni kongosho kuvimba, kuvuja damu, duodeno kutoboka, usaha, nyongo kuziba, na nyingine zinatokea baada ya siku kadhaa, kwa hiyo kaeni karibu na hospitali mpaka munganga aruhusu kwa maandishi. Kutapika damu, choo cheusi kama lami, tumbo gumu, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, macho kurudia njano: usiku huo huo, si asubuhi. Kwenye ndege atembee, anywe maji, na muulize kama anahitaji sindano ya kuzuia damu kuganda.

Skaneri ya kwanza mara nyingi ni baada ya mwezi mmoja hivi. Pale palipochomwa panaonekana peusi, hapanywi dawa ya mshipani. Musishangae kama uvimbe unaonekana mkubwa kuliko mbele, nyama iliyokufa inavimba. Munganga anaangalia kama kuna sehemu inayonywa dawa, na CA 19-9 inaelekea wapi. Shimio inaendelea mara nyingi, kwa hiyo kabla hamujasafiri kuja nyumbani mujue tayari nani ataipokea hapa, iwe Sendwe, iwe Kliniki za Universite, iwe polikliniki munayoiamini, na huyo munganga awe ameshaona dosiye kabla ya mgonjwa kutua uwanja wa ndege wa Luano.

Mubebe raporti ya kuchoma yenye picha, CD mpya, enzimu za miezi kadhaa, na ordonansi ya morfini yenye muhuri, ju forodha wataiulizia. Tarehe ya kubadilisha stenti iandikeni kwa kalamu nene nyuma ya kadi ya hospitali, na namba ya mtu wa kuita akianza kutetemeka.